Kiatu cha Kulia

Mama aliuita shitoleni.
Mkate uliofika Umoja kila mwisho wa Novemba
ndani ya kikapu, chini ya sukumawiki,
kutoka jikoni kwa Bi Gudrun, Kileleshwa,
alikokanda unga wa watu miaka kumi na tisa.

Usiguswe, alisema. Haujaiva.
Tukamuuliza, si umetoka kwenye oveni?
Akasema huu huiva ukiwa usingizini,
wiki tatu juu ya kabati, ndani ya shuka nyeupe,
kwa sababu Wajerumani huukunja hivyo makusudi:
mtoto mchanga wa Bethlehemu, aliyeviringwa nguo.
Ndunge, kitinda mimba, akawa anaubembeleza.
Mimi niliunusa tu.

Na harufu yake, jamani, haikuwa ya ugenini.
Iliki ile ile ya mahamri ya Bi Zuhra, mlango wa saba,
mdalasini wa chai, karafuu ya jino la Mama.
Vitu tuvijuavyo vilipanda meli, vikakaa baridini,
vikarudi vimejipaka sukari usoni
kama shangazi aliyetoka ng'ambo na poda.

Kuhusu ramu iliyolowesha zabibu,
Mama, mwanakwaya wa kanisa lisilogusa tone,
alikata kipande chembamba, akafumba macho,
akasema moto umeiokoa.

Kisha tarehe tano Desemba,
mvua za vuli zikigombana na mabati,
akaja na desturi nyingine:
pigeni viatu rangi, kila mtu kimoja, viwekeni mlangoni.
Usiku hupita Nikolausi, askofu mwenye ndevu,
humwachia njugu na chungwa mwenye kiatu safi.
Mlangoni upande gani? aliuliza Musembi.
Mama alikuwa ameshaanza kukoroma.

Ndunge na mimi tuliviweka ndani.
Musembi, mtu wa kufuata maagizo hadi nukta,
aliweka nje, kwenye korido ya ploti,
cha kushoto,
kiking'aa hadi ungeweza kujichania nywele.

Alfajiri Mama alisimama koridoni
na chungwa la tatu mkononi, bila pa kulitia.
Nani huiba kiatu kimoja?
Ploti nzima ilijadili. Obuya mlinzi aliapa kwa kaburi la mamake.
Baba Chebet wa ghorofa ya juu akasema
labda mwenye mguu mmoja naye ana Krismasi.
Mama alicheka hadi akaketi kwenye ngazi,
kisha akanyamaza ghafla,
maana vile ndivyo vilikuwa viatu vya shule
na Januari haikuwa mbali.

Bi Gudrun alirudi kwao, barua zake zikakoma.
Mama tulimzika Makueni, mwezi wa kuvuna pojo.
Musembi ni muuguzi Leipzig, anageuza wazee vitandani.
Jana alinitumia sauti, upepo ukikohoa nyuma yake:
Huku, dada, viatu hulala nje ngazini hadi asubuhi,
hakuna anayevigusa.
Hakuna anayebisha hodi pia.
Halafu akauliza kama Bi Zuhra bado anapika mahamri.

Leo stima imepotea tangu saa moja.
Nimewasha mishumaa, miwili kati ya minne,
kwa kuwa ni Jumapili ya pili tu.
Nimekanda shitoleni kwa njugu badala ya lozi
(lozi bei yake ni kodi ya nyumba),
nikauoka sufuriani, makaa chini, makaa juu ya kifuniko.
Umepinda. Mtoto huyu amelala kifudifudi.
Nimeuviringa kwa leso ya Mama hata hivyo.

Na chini ya kitanda nimetoa kiatu cha kulia,
miaka ishirini na sita bila mwenzake,
ngozi imekakamaa kama ganda la muhogo.
Nimekipiga rangi. Nimetia njugu na chungwa.
Nimekiweka nje, koridoni, makusudi.

Aliye na cha kushoto na aje.